Mipira Miwili ya Kabureta

Melkizedeki, karani wa stoo ya misheni, aliinama akainusa suruali ya Isaka mbele za watu. Aliinusa kweli kweli, pua imekaribia goti, kalamu imekaa sikioni. Wanawake waliokuja kuuza mayai wakageuka wote kutazama.

"Inanuka petroli," akasema.

"Si ndiyo ninayokwambia? Inavuja. Inanidondokea hapa hapa mguuni."

"Galoni tatu za mwezi mzima, Mwalimu. Leo tarehe kumi na saba unaniletea debe tupu." Melkizedeki alijinyoosha, akapangusa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu. "Mchungaji Mzungu akiuliza, ananiuliza mimi. Na huko kwenu Misigiri kuna lori la mnunuzi wa pamba, nalo linakunywa petroli hii hii. Mimi sijasema kitu. Nauliza tu."

Mwanamke mmoja akacheka ndani ya kanga yake. Isaka alikisikia kile kicheko mpaka kwenye mifupa. Yeye alikuwa mwinjilisti wa makanisa madogo matano. Watoto walimwamkia shikamoo wakiwa bado mbali, na katika mwaka ule wa 1956 hapakuwa na mwinjilisti mwingine wa upande ule aliyepewa pikipiki. Leo amenuswa kama mbuzi wa mnadani.

"Nakupa galoni moja," Melkizedeki alisema. "Ukirudi hapa kabla mwezi haujaisha, utaeleza mbele ya baraza la wazee wa kanisa. Na ufunguo wa pikipiki uje nao."

Isaka akasema asante. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alisema asante.

Ukweli ni kwamba pikipiki ilikuwa inavuja. Chini ya kabureta ilining'inia mipira miwili myembamba, unene wa kidole kidogo. Mwaka uliopita fundi Antipasi wa Unyambwa, aliyejifunza kazi jeshini, ndiye aliyeifunga, na alimchuchumalisha Isaka pembeni ili amweleze.

"Huu wa juu unavuta hewa, Mwalimu. Bila hewa, petroli haishuki. Huu wa chini ni wa kumwaga. Kabureta ikijaa kupita kiasi, inatapikia huku. Sindano ya ndani imelika, ndiyo maana inatapika sana. Nyingine mpaka itoke Dar es Salaam. Inywe, itapike, wewe vumilia. Ila usizibe mpira hata mmoja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, fundi."

Na alielewa. Alielewa kwamba asizibe.

Jumamosi iliyofuata mchana, Isaka aliketi juu ya kigoda uani akiitazama mipira ile, na wazo likamjia. Petroli inatokea huku. Kule kuna tundu linaloingia kwenye kabureta hiyo hiyo. Sasa kwa nini kinachotoka huku kisirudi kule? Aliinuka kwa furaha mpaka kigoda kikaanguka. Akatafuta unyoya mnene wa kanga, akaukata ncha zote mbili ukawa bomba dogo. Akachomeka mpira mmoja huku na mwingine huku, akawa na mpira mmoja tu uliojikunja duara. Kisha akamwita mkewe alete nta.

Nta ilikuwepo, maana mizinga yao ilikuwa imerinwa wiki mbili nyuma. Dorika alikuja nayo kwenye kigae, ikiwa laini ya moto, akashika mipira huku mumewe anapaka na kukanda. Binti yao Selina, mwenye miaka minne, alikuwa amekaa juu ya tenki akiendesha kwa mdomo, mate yanaruka.

"Baba Selina," Dorika alisema, "fundi si alisema huu mmoja unavuta hewa?"

"Ndiyo."

"Sasa hewa itaingilia wapi?"

Isaka akacheka, lakini si kwa ubaya. Alikuwa anampenda mkewe. "Hewa ipo humo humo ndani, mama. Mimi sijaziba kitu. Nimeunganisha."

Dorika akainua mabega. Mambo ya mashine yalikuwa ya mwanamume, na nta ilikuwa inamchoma vidole.

Isaka akapiga kiki, pikipiki ikanguruma. Akazunguka uwanja wa nyumba mara tatu na Selina mbele yake, akasimama, akainama kuangalia. Hakuna tone! Jirani yao Kefa, aliyekuwa anapita na baiskeli yake, alishuka kabisa ili aone.

"Mwalimu wewe! Kichwa hicho kingekuwa cha Mzungu, wangekilipa."

"Nataka Melkizedeki aje anuse sasa," Isaka alisema. Usiku alilala usingizi mzuri, mara ya kwanza tangu siku ile ya stoo.

Jumapili aliipanda kwenda kanisani, robo maili tu. Ilizima yenyewe pale pale mlangoni. Washarika wakacheka, naye akacheka nao, akasema hata yenyewe imejua kwamba imefika.

Jumanne alfajiri Selina aliamka na homa. Jua lilipochomoza mwili wake ulikuwa unaunguza mkono, na Dorika alipomwinua ampe maji, mtoto alikakamaa mikononi mwake, macho yakageuka meupe, meno yakafunga.

"Mama wee!" Dorika alipiga kelele. "Baba Selina! Mama! Njooni!"

Bibi Rahabu, mama yake Isaka, alifika mbio kifua wazi, shuka anajifunga njiani. Alimtazama mjukuu mara moja tu.

"Degedege," alisema. "Mleteni ndani, nimfukize. Na asichomwe sindano, mmesikia? Mwenye degedege akichomwa sindano harudi."

"Mama, anakwenda hospitali."

"Isaka, mwanangu. Wewe mwenyewe ulilipata ukiwa mdogo kuliko huyu. Nani alikufukiza?"

"Ni wewe, mama, na nakushukuru. Lakini huyu anakwenda hospitali. Maili kumi na nne tu. Kwa pikipiki ni saa moja, hata haifiki."

Kefa alikuwa amekwisha kufika na baiskeli yake mkononi, maana kelele za Dorika zilivuka shamba zima la mtama. "Mwalimu, mama Selina apande kwangu sasa hivi. Nitasukuma palipo na mlima. Mpaka saa nne tutakuwa tumefika."

Isaka alimtazama Kefa, kisha akaitazama ile baiskeli, kiti cha nyuma kimefungwa kwa kamba ya katani. Hakukusudia kumdharau. Lakini wazee wawili walikuwa wamesimama pale, na tangu Jumamosi kila mtu alikuwa akisifu kichwa chake.

"Baiskeli, Kefa? Na pikipiki je, niifanye kiti cha kuku?"

Kefa akageuza baiskeli yake. "Basi nitawafuata nyuma na sufuria na unga," alisema. "Hospitali hawapiki."

Dorika akapanda nyuma, mtoto amelazwa mapajani na kufungwa kwa kanga mbili kwenye kiuno cha mumewe, mkono mmoja umeshika shati la Isaka mgongoni. Bibi Rahabu aliwasindikiza mpaka njia kuu, akakimbia hatua kadhaa pembeni yao na miguu yake mibovu, akisema jina la mjukuu. Ilikuwa saa moja asubuhi.

Maili mbili za kwanza ilikwenda vizuri. Barabara ilipoanza kupanda, pikipiki ikakohoa, ikavuta, ikakohoa tena, ikazima.

"Kuna nini?" Dorika aliuliza.

"Hakuna kitu. Plagi hiyo."

Akafungua plagi, akaisugua kwa kucha na kwa pindo la shati, akairudisha. Akapiga kiki. Ikawaka. Akamgeukia mkewe kwa tabasamu. Wakaenda nusu maili, ikazima.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, jamani. Ikikaa kidogo inawaka, wakipanda inakwenda, wakianza kufurahi inazima. Isaka alifungua kifuniko cha tenki akachungulia. Petroli ilikuwepo, tena tele, maana hakuna iliyomwagika. Akachomoa bomba la kutoka kwenye tenki, akalipuliza. Akasafisha plagi mpaka ikang'aa. Akashika kila nati aliyoijua. Mahali pamoja hakupagusa, pale kwenye mpira uliojikunja. Pale alipatengeneza mwenyewe kwa mikono yake, na palikuwa pazima, pakavu, hapana hata tone.

Mtoto alikakamaa mara ya pili wakiwa wamesimama kwenye maili ya nne. Povu lilimtoka. Dorika alimpepea kwa kanga, akamlowesha maji ya mtaroni, akamwita.

"Selina. Selina wa mama. Tunakwenda na pikipiki, si unapenda? Baba anaendesha. Amka uone."

"Inawaka sasa hivi," Isaka alisema. Jasho lilikuwa linamtiririkia machoni na mguu wa kiki ulikuwa umechubuka. "Inawaka, mama Selina. Nivumilie."

"Mimi navumilia. Huyu ndiye hawezi."

Kwenye maili ya sita Kefa aliwakuta. Alikuwa amechelewa kuondoka akingoja unga usagwe; sasa alikuja polepole anakanyaga, sufuria inagonga nyuma, na alipowaona akasimama, miguu yote miwili chini. Kivuli kilionyesha yapata saa nne, saa ile ile aliyosema yeye kwamba wangekuwa wamekwisha kufika. Alifungua tu kamba, akaweka sufuria na mfuko wa unga kwenye majani kando ya njia.

"Mama Selina, panda."

Dorika akampandisha mtoto mgongoni akamfunga, akapanda. Kisha akageuka. "Twende, baba Selina. Wewe utatembea pembeni."

Isaka alishika usukani wa pikipiki. Ikumbukwe kwamba chombo kile hakikuwa chake. Kilikuwa cha misheni, na njia ile ilikuwa na watu wa kila namna. Kikipotea kifaa kimoja tu, Melkizedeki atasema nini mbele ya wazee? Atasema, si niliwaambia?

"Tangulieni," Isaka alisema. "Siwezi kuiacha hapa. Nitaitengeneza, nitawapita njiani."

Dorika alimtazama. "Unabaki na pikipiki?"

"Ni mali ya watu, Dorika."

Dorika akageuza uso mbele. Kefa akaanza kusukuma.

Isaka aliwatazama mpaka walipopotea kwenye kona ya mlima, kisha akaanza upya. Alifungua plagi mara ya kumi. Akapiga kiki mpaka goti likakataa. Akaomba. Aliomba kwa sauti, mwinjilisti mzima, akimsihi Mungu juu ya plagi na waya. Mchunga ng'ombe mmoja alipita, akasimama kumwangalia, akaondoka bila kusalimia. Jua likapanda mpaka likawa juu ya utosi.

Mwishoni alikaa chini kwenye vumbi, mgongo ameuegemeza kwenye gurudumu, kichwa kikawa usawa wa kabureta. Ndipo alipouona ule mpira vizuri. Ulikuwa umebonyea. Ulikuwa umenywea bapa, kuta zake zimegusana, kama kuna kinywa ndani yake kinachonyonya na hakipati kitu.

Akaushika mahali pa nta, akavuta. Unyoya ukachomoka, na mpira wa juu ukalia fyuu, ukavuta hewa, ukajaa ukawa mviringo tena. Mpira wa chini ukatoa tone moja la petroli, kisha jingine, likamwangukia mkononi.

"Sasa hewa itaingilia wapi?" Dorika alikuwa ameuliza.

Isaka alisimama akapiga kiki mara moja. Pikipiki ikanguruma kama siku ilipotoka kwa fundi. Nayo haikuzima tena.

Alizipanda maili nane zile bila kuegemea kiti. Moyoni alikuwa anahesabu kona na kusema, nitawakuta hapa, nitawakuta hapa, nitamchukua mwanangu niingie naye getini nikipiga honi. Hakuwakuta. Petroli ilikuwa inamdondokea mguuni njia nzima na hakuijali.

Alipoingia uwanja wa hospitali ya misheni alimwona Kefa kwanza. Kefa alikuwa amesimama jua kali, baiskeli imelala chini, kofia mkononi. Ile kofia mkononi ndiyo iliyomwambia.

Dorika alikuwa amekaa kwenye ngazi za baraza, miguu imenyooshwa, vumbi mpaka magotini. Mtoto alikuwa mapajani, amefunikwa kanga mpaka usoni. Dresa, kijana msaidizi wa daktari mwenye koti jeupe, alisimama pembeni na karatasi yake.

"Pole sana, mzee," alisema dresa. "Amefika ameshakata roho. Labda kwenye ule mwinuko wa mwisho. Saa moja tu mapema, hata nusu saa, pengine tungejaribu." Akaangalia karatasi. "Nilimwuliza mama mlikuja na usafiri gani, akasema kwa baiskeli, na milimani kwa miguu. Nikashangaa, maana nilisikia wewe ndiye mwinjilisti mwenye pikipiki."

Isaka alipiga magoti kwenye ngazi akafunua kanga. Vumbi la mgongoni kwa mama yake lilikuwa limeshika kwenye shavu la mtoto. Alilifuta kwa kidole, na kidole kilikuwa kinanuka petroli, akaacha alama. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ya ng'ombe, na wagonjwa walioweza kutembea walitoka kuangalia.

"Nilijua njiani," Dorika alisema, si kwake, wala si kwa mtu. "Alilegea mgongoni. Sikumwambia Kefa. Nilisema tukifika pengine watamrudisha."

Ilikuwa lazima mtoto azikwe kwao. Kefa alisema atambeba Dorika kama walivyokuja. Dorika aliinuka, akajifunga mwanawe upya, safari hii kifuani.

"Inakwenda?" alimwuliza mumewe.

"Inakwenda."

"Basi twende nayo. Nimechoka miguu."

Ilishuka mlima wote bila kukohoa hata mara moja. Walipita mahali pa maili ya sita, sufuria na unga bado vipo kwenye majani, hakuna aliyeviiba. Walipita mtaro wa maji. Dorika alikuwa ameshika shati la mumewe mgongoni, kama asubuhi.

"Baba Selina," alisema karibu na sikio lake. "Asubuhi ilikuwa na nini?"

Neno plagi lilikuwa tayari mdomoni. Angelisema tu, na nani angejua? Kefa hajui mashine, na Antipasi yuko mbali. Isaka alilimeza.

"Ni ule mpira. Nilioufunga. Ilikuwa haipati hewa."

Dorika hakusema, nilikuuliza. Mkono wake ukaliacha shati, ukashuka, ukashika chuma cha kiti. Mpaka wanafika nyumbani haukurudi tena.

Bibi Rahabu alikuwa amekaa njia kuu tangu asubuhi. Alisikia ngurumo kabla ya kuiona pikipiki, ngurumo nzima isiyokatika, na kwa masikio yake mtu anayerudi na ngurumo ya namna ile amerudi salama, tena mapema. Aliinuka. Alipiga vigelegele. Majirani wakavipokea kutoka shambani, wanawake wakatoka na majembe mikononi wakiimba, na Isaka aliendesha katikati ya vigelegele vile mpaka mlangoni kwake, hana namna ya kuvinyamazisha. Dorika aliposhuka na kanga iliyomfunika mtoto uso ikaonekana, vilikatika kimoja kimoja.

Bibi Rahabu hakusema habari ya sindano. Alimchukua mjukuu, akaingia naye ndani.

Walizika kesho yake asubuhi, nyuma ya nyumba, karibu na kihenge cha mtama. Mchana Melkizedeki alifika kwa baiskeli na barua ya rambirambi kutoka kwa Mchungaji. Alivaa tai nyeusi. Aliwapa wazee mkono, akampa Isaka mkono, akatafuta mahali pa kukaa, na ndipo macho yake yalipoiona pikipiki.

Ilikuwa imeegemea ukuta pale pale ilipoachwa jana. Hakuna aliyekumbuka kufunga koki ya petroli. Mpira wa chini ulikuwa unadondosha, tone, kisha tone, na ardhi chini yake ilikuwa imelowa duara kubwa jeusi. Melkizedeki alichuchumaa. Aligusa ardhi kwa kidole, akanusa.

"Kumbe kweli inavuja, Mwalimu," alisema taratibu. Uso ulikuwa umemshuka. "Nitamwandikia Mchungaji. Wewe ulikuwa mkweli siku zote. Nitaandika leo hii hii."

Isaka alikuwa amekaa kwenye jamvi na wanaume wengine, miguu imekunjwa, viganja wazi mapajani. Ukucha mmoja ulikuwa bado na nta.

Melkizedeki aliona kopo tupu karibu na jiko, akalichukua ili alikinge chini ya mpira.

"Liache!" Isaka alipiga kelele, na jamvi zima likashtuka. Hapo mlangoni Dorika, kichwa kimefungwa kaniki, aligeuka akamtazama kwa mara ya kwanza tangu jana. "Liache kopo, bwana. Iache imwagike."

Melkizedeki akalirudisha kopo polepole mahali pake. Petroli iliendelea kudondoka mpaka jioni, ikaisha.